Subira ya Muhogo



Wanafunzi wanaojifunza Kiswahili huniuliza mara kwa mara tofauti iliyopo kati ya kungoja na kusubiri. Jibu la haraka ni kwamba tofauti ni ndogo: anayengoja basi kituoni na anayesubiri basi kituoni wote wawili wamesimama juani. Lakini lugha ina siri zake. Kutokana na kusubiri tumepata subira, neno lenye asili ya Kiarabu lililotua pwani yetu zamani likawa la kwetu, hata wazazi wakawapa binti zao jina la Subira. Sijapata kukutana na mtoto aliyeitwa Ngoja kwa kusifiwa. Mtu hasifiwi kwa kungoja; husifiwa kwa subira. Kwa hiyo ndani ya kusubiri pamo kitu ambacho ndani ya kungoja kinaweza kukosekana.

Kitu hicho ni nini? Tukiwauliza wahenga, wanatuacha njia panda. Upande mmoja wanasema subira yavuta heri, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Upande wa pili wanatuonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Je, wahenga walikuwa wakipingana wao kwa wao? Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba methali hutegemea mazingira, nikafuta ubao, nikaendelea na mada nyingine. Jibu hilo si baya, ila halijashiba. Jibu lililoshiba nililipata mwaka 2023, katika kijiji cha Awasse, kaskazini mwa Msumbiji.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari upande wa Tanzania, katika Mkoa wa Mtwara, lakini ukoo wa mama yangu ni wa ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mama alivushwa mto akiwa mtoto mgongoni, wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza tarehe 25 Septemba 1964. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, bibi alirudi kwao pamoja na binti yake mkubwa. Mama alibaki Tanzania, akaolewa, akatuzaa. Ndiyo maana huyo dada yake, ambaye kwa desturi zetu ni mama mkubwa kwangu, ameishi Awasse karibu maisha yake yote.

Awasse ni njia panda kwa maana halisi. Barabara moja inakwenda Mueda, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde. Nyingine inakwenda Mocímboa da Praia, pwani. Ya tatu inashuka kusini kupitia Macomia hadi Pemba, makao makuu ya Mkoa wa Cabo Delgado. Kijiji kilicho njia panda hupata neema wakati wa amani, kwa kuwa kila msafiri hununua kitu. Wakati wa vita hupata mashaka kwa sababu ileile, maana kila mwenye silaha huitaka barabara.

Vita hivyo vilianza kwa shambulio la tarehe 5 Oktoba 2017 mjini Mocímboa da Praia. Mwezi Agosti 2020 mji huo uliangukia mikononi mwa waasi, na Awasse nayo ikapotea. Kituo cha umeme kilichokuwa hapo kiliharibiwa, na wilaya kadhaa za kaskazini zikaingia gizani. Mwishoni mwa Julai 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliikomboa Awasse, na mwezi uliofuata yakaukomboa mji wa Mocímboa da Praia. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2022, mkoa mzima ulikuwa na watu wapatao milioni 1 waliohama makazi yao. Mama mkubwa alikuwa mmoja wao. Alitembea msituni hadi Mueda akiwa na wajukuu wawili. Mwanawe wa kwanza, baba wa watoto hao, alibaki nyuma akitafuta njia nyingine. Tangu siku hiyo hajasikika.

Na mimi, kwa namna ndogo isiyolingana na yake, maisha yangu yalibadilika mwaka huohuo. Nilikuwa nimeweka akiba kwa miaka minne ili nikasome shahada ya kwanza, kwa kuwa nilicho nacho ni stashahada ya ualimu. Fomu nilikwisha kuzichukua. Kisha habari za Mueda zikaja, na akiba ile ikaanza kuvuka Ruvuma kidogo kidogo, mikononi mwa wafanyabiashara ninaowaamini: fedha za unga, za turubai, za dawa za malaria. Sikujuta. Hata hivyo nisiseme kwamba nilifurahi. Walimu wenzangu tuliohitimu pamoja walikwenda vyuoni, wakarudi na shahada zao, wakapandishwa madaraja. Kila nilipowapongeza, nilijiambia, "Subiri, zamu yako itafika." Neno hilo nililitamka mara nyingi mno, hata likaanza kunikera, kama wimbo uliorudiwa kupita kiasi.

Mwishoni mwa mwaka 2022 mama mkubwa aliamua kurudi Awasse. Wana ukoo walibishana sana. Baadhi yetu tulisema bado mapema, kwa kuwa mashambulizi katika mkoa hayajakoma kabisa. Wengine walisema kambini hakuna shamba, na asiye na shamba huzeeka haraka. Yeye alitusikiliza wote, akasema mvua zinakaribia, akafunga mizigo. Likizo ya Juni iliyofuata nilivuka kwa Daraja la Umoja, lile lililofunguliwa mwaka 2010 pale Mtambaswala, nikapitia Negomano na Mueda, nikashuka hadi kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko shuleni hawali?"

Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, na paa la nyasi lilikuwa bado jipya. Nilitazamia kumkuta mtu aliyekaa kitako akingoja: msaada, umeme, habari za mwanawe. Nilimkuta shambani. Muhogo aliokuwa ameupanda kwa mvua za Desemba ulikuwa na miezi sita, umefika kifuani. Mizizi ilikuwa bado myembamba, haijafaa kung'olewa; muhogo wa huko huhitaji miezi tisa hadi mwaka, na pengine zaidi. Lakini alikuwa anachuma majani. Sisi upande wetu tunayaita kisamvu, wao wanayaita matapa. Yakitwangwa na kupikwa kwa karanga au nazi, ni mboga inayomlisha mtu kwa miezi mingi kabla mzizi haujawa chakula.

Nikainama kumsaidia, nikachuma kwa bidii ya mgeni anayetaka kuonekana wa maana. Akanishika mkono.

"Taratibu. Shina moja usilinyang'anye majani yote. Ukilivua nguo, mzizi haunenepi. Chuma hapa kidogo, nenda kwingine."

Msomaji, sijui kama utaliona jambo hili kama nilivyoliona mimi. Muhogo una mavuno mawili. Yako yale makubwa yaliyo chini ya ardhi, yasiyoonekana, ambayo hayaji kabla ya wakati wake hata ukilia. Na yako haya madogo ya juu, yanayopatikana leo, ambayo humweka mkulima hai hadi ya chini yakomae. Anayengoja mizizi tu atakufa njaa kabla ya mavuno. Anayekula majani yote leo hatapata mizizi kesho. Mwenye subira yuko katikati: anakula majani kwa kiasi huku mizizi ikinenepa. Kumbe subira ina kazi yake ya kila siku, na ina kipimo chake.

Jioni alinipeleka upande wa pili wa shamba, kwenye mikorosho. Ilikuwa michache, iliyopandwa na mwanawe miaka kadhaa kabla ya vita, na ilinusurika. Kwa miaka miwili hapakuwa na mtu wa kuipalilia. Nyasi zilikuwa zimepanda hadi matawini. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na katika nchi yetu kiangazi ni msimu wa mioto ya msituni. Mama mkubwa alikuwa anafyeka nyasi kuzunguka kila shina, akiacha duara la udongo mtupu ili moto ukija usipate cha kushika. Alikwisha kufanya nusu. Nikachukua panga nikaendelea alipoishia. Hatukuzungumza kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Akija, atazikuta."

Hakusema "atakuja". Alisema "akija". Wanafunzi wangu wanajua jinsi ninavyowasumbua kuhusu kiambishi hiki cha -ki- cha masharti. Siku ile nilikiona kikibeba uzito ambao hakuna kitabu cha sarufi kilichowahi kunionyesha. Mama mkubwa hakujidanganya kwa kutabiri, wala hakufunga mlango kwa kukana. Aliliacha sharti wazi, akaendelea kufyeka. Hayo, kwa maoni yangu, ndiyo matumaini. Matumaini si kudai kwamba jambo jema litatokea lazima. Ni kuyatunza mahali ambapo jambo hilo, likitokea, litapata pa kufikia.

Hapa nitue kidogo kwenye msamiati. Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana, tamaa na tumaini. Tamaa hulaumiwa: tunasema tamaa mbele, mauti nyuma. Hata hivyo, mtu anapokosa matumaini tunasema amekata tamaa, wala hatusemi amekata tumaini. Labda lugha inakubali kwamba kutaka ndiyo kamba ya kwanza inayomfunga mtu na kesho yake. Ila tamaa hutaka kitu kije sasa, na tumaini hukiandalia nafasi. Ndiyo maana tamaa huweza kukatwa kwa pigo moja, na mtu aliyezoea kuandaa nafasi huwa vigumu kumkata.

Nisingependa uondoke na picha ya kikongwe mpole anayefyeka nyasi na kunyamaza. Siku ya tatu kulikuwa na mkutano wa kijiji chini ya mwembe. Viongozi walieleza mambo mengi kuhusu ujenzi mpya, na mwishoni wakawasihi wananchi wawe na subira. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama mkubwa akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaomba ruhusa ya kusema.

"Wanangu, subira tunayo, tumekuja nayo kutoka Mueda. Watoto wanasoma chini ya mti tangu mvua. Sikasiriki. Ninauliza tarehe."

Kukawa kimya. Kisha mama mwingine akauliza tarehe ya usajili wa vitambulisho, kwa sababu wengi walipoteza hati zao njiani, na asiye na hati hupata taabu kwenye kila kizuizi cha barabarani. Mzee mmoja akauliza tarehe ya kurejeshwa kwa zahanati. Kiongozi, kwa heshima kubwa, alichukua kalamu akaandika. Sikai Awasse, kwa hiyo sikushuhudia yote yaliyofuata, na siwezi kukuahidi kwamba kila tarehe iliyoandikwa ilitimizwa. Ninachoweza kukwambia ni kwamba kabla ya swali lile subira ilikuwa ombi la viongozi kwa wananchi, na baada ya swali lile ikawa mapatano kati yao.

Hapo ndipo wahenga wangu walipopatana. Subira yavuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizi mbili hazigombani, kwa sababu hazizungumzi jambo moja. Ngoja ngoja haina jembe mkononi wala swali mdomoni. Subira ina vyote viwili. Ina kazi ya leo, na ina tarehe inayouliza.

Tena kuuliza huku si kukosa adabu, wala si mtindo mgeni katika nchi ile. Tarehe 16 Juni 1960, wananchi walikusanyika Mueda wakati Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotoka Tanganyika, walipokwenda kuzungumza na gavana wa Kireno juu ya watu wao kurudi nyumbani na kuishi huru. Wawili hao walikamatwa, na askari wakafyatua risasi juu ya umati. Kutoka siku ile hadi bendera ya uhuru kupandishwa ilipita miaka 15. Watu hao walikuwa na subira kubwa kuliko ninayoweza kuikadiria, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba walingoja tu.

Mwananchi wa leo ana nyenzo ambazo wale wa 1960 hawakuwa nazo. Umoja wa Afrika ulipitisha Mkataba wa Kampala tarehe 23 Oktoba 2009, ukaanza kutumika tarehe 6 Desemba 2012. Mkataba huo unahusu wakimbizi wa ndani, yaani watu walioyakimbia makazi yao bila kuvuka mpaka wa nchi. Aliyevuka mpaka tunamwita mkimbizi, na sheria zake ni nyingine. Unaeleza kwamba mtu aliyehama ana haki ya kuchagua kwa hiari yake, baada ya kupewa taarifa za kutosha: kurudi alikotoka, kubaki alikofikia, au kuhamia mahali pengine. Unaeleza pia kwamba serikali imrejeshee hati alizopoteza, bila kumwekea masharti yasiyo ya haki, kama vile kumtaka arudi kwao kwanza ndipo apewe. Nayo Serikali ya Msumbiji ilipitisha mwaka 2021 sera na mkakati wake wa kushughulikia watu waliohama ndani ya nchi. Ujuzi huu ni sehemu ya subira. Asiyejua anachostahili hawezi kutofautisha kati ya jambo linalohitaji muda na jambo linalocheleweshwa.

Neno la hiari linanikumbusha binamu zangu waliobaki Mueda. Mmoja amefungua kibanda cha kushona nguo. Mwingine ameoa huko, ana mtoto. Watu wengine wa ukoo huwasema kwamba wamekosa moyo wa kurudi. Mimi siwasemi. Nao wana shina lao la muhogo wanalolichuma taratibu, ila limepandwa udongo mwingine. Mabadiliko hayana njia moja ya kuyapokea, na subira ya mmoja isigeuzwe fimbo ya kumpigia mwenzake. Neno subira lina utamu linapotoka kinywani mwa anayeumia. Likitoka kinywani mwa aliyeshiba, akimwambia mwenye njaa, hugeuka dharau. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu "subiri", mtazame kama anacho cha kuchuma wakati anaposubiri. Kama hana, msaidie kupanda kwanza.

Utaniuliza, na wewe, mwalimu? Hadi ninapoandika makala haya bado nina stashahada yangu ileile. Shahada ni mzizi ulio chini ya ardhi, na sijaung'oa. Ila niliporudi kutoka Awasse nilitafuta majani yangu. Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, ninasoma sura moja ya kitabu cha isimu au fasihi, nikiandika muhtasari kwa mkono. Kila mwezi ninaweka kando fedha kidogo, nyingine nikizituma ng'ambo ya mto. Mwanafunzi akiniuliza swali nisiloweza kulijibu, ninalipeleka kwenye kusoma kwangu kwa Jumamosi. Na nimejiandikia tarehe, mwaka na mwezi, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Nikiifikia kabla ya kuomba nafasi chuoni, nitalazimika kujieleza mbele ya nafsi yangu kama kiongozi yule alivyojieleza mbele ya kijiji. Sijapandishwa daraja, lakini neno "subiri" limeacha kunikera, kwa kuwa sasa lina kazi ndani yake.

Huenda nawe uko katika mabadiliko ambayo hukuyachagua: umehama mji, umefiwa, umekosa kazi, umeachana na mtu, au umeanza maisha katika lugha ngeni ambayo bado inakukataa ulimi. Hata kujifunza Kiswahili ni kuishi na muhogo. Ufasaha ni mzizi. Hauonekani ukikua, na ukifukua kila wiki kuutazama utauharibu. Lakini salamu uliyoitikiwa sokoni leo, methali moja uliyoielewa bila kamusi, mzee aliyecheka kwa utani wako, hayo ni majani. Yachume kwa kiasi, yakulishe.

Basi, siku utakapoambiwa usubiri, na ofisi, na maisha, au na moyo wako mwenyewe, kumbuka kwamba kitenzi hiki cha Kiswahili kinataka kukamilishwa. Uliza kwa adabu, kama mama mkubwa alivyouliza: nisubiri nini, nikifanya kazi gani, hadi tarehe gani?